Chenso ya kazi: kuichagua, kuanza nayo na kuitunza isikufie porini

Maswali ni yaleyale kila siku, ninunue chenso (msumeno wa injini wa kukatia miti) gani, mafuta nachanganyaje, mbona mashine bado mpya imeshagoma, kwa hiyo nayaandika yote hapa sehemu moja ili anayeanza asome mwenyewe taratibu. Naongelea mashine za kazi, zile za kushinda nazo kwenye misindano (paina) ya Mufindi au milingoti (mikaratusi) ya Njombe kuanzia asubuhi mpaka jioni, zile ndogo za kupunguzia matawi nyumbani leo tuziache. Na nikwambie mapema, chenso nyingi zinazoletwa kwa fundi zimekufa kwa mafuta ya kukadiria na cheni butu, kazi yenyewe wala haijaiua mashine. Ukiyashika hayo mawili umeokoa hela nyingi sana.

Mashine ya kazi unaijuaje

Ya kazi ina krenki kesi (nyumba ya chini ya injini) ya magnesiamu, silinda unaweza kuifungua peke yake, na spea zote ndani zinabadilishika moja moja. Zile za nyumbani injini imekaa kwenye plastiki, inakata vizuri tu lakini ukiishindisha kazini kila siku haifiki mbali. Mfano STIHL MS 250 ina cc 45, ni mashine nzuri kwa kuni na matawi, ila ukimpa mtu anayeangusha msitu unaionea.

Kwa huku kwetu zinazojadiliwa sana ni hizi:

STIHL MS 381 na MS 382, zote cc 72 na nguvu kilowati 3.9. Kwa misindano ya kawaida hii ndio saizi yake, inavuta ba (ule ulimi wa chuma unaobeba cheni) ya inchi 20 mpaka 25 bila kulalamika. Faida yake kubwa spea zimejaa na kila fundi anaijua.

Husqvarna 372XP, cc 70.7 na kilowati 4.1. Inapandisha resi haraka na mikono haichoki sana maana mtetemo wake mdogo. Kama kwenu spea za Husqvarna zinapatikana, hujakosea ukiichukua. 272XP ni ya zamani kidogo, cc 72, nayo imara bado.

STIHL MS 661 (cc 91) na Husqvarna 395XP (cc 93.6), hizi za magogo makubwa. Kama miti yako ni ya kipenyo cha sentimita 30 au 40 unabeba uzito wa bure na unachoma mafuta ya bure.

Alafu kuna STIHL 070, ile mashine kongwe ya cc 106, wapasua mbao wanaipenda mpaka leo kwa sababu ina nguvu kwenye resi ya chini na haiogopi gogo. Mimi anayeanza simshauri hata kidogo. Ina zaidi ya kilo 10 bila ba, na haina breki ya cheni. Ikikurushia ba usoni hakuna cha kuisimamisha.

Ukiniuliza ipi bora kati ya STIHL na Husqvarna nitakujibu kwa swali, dukani kwenu ringi, klachi na kabureta ya ipi vinapatikana leo leo? Chukua hiyo. Tofauti ya kilowati 0.2 hutaiona, ila siku tatu za kusubiri spea kutoka Dar utaziona vizuri.

Kuhusu feki

Hapa watu wanaumia sana, hasa kwenye 070, 381 na 382. Rangi ileile, stika ileile, bei nusu. Usidanganyike pia na maneno ya "hii imeandikwa China kwa hiyo feki", STIHL wana kiwanda chao Qingdao, kwa hiyo nchi peke yake haikwambii kitu. Angalia namba ya mashine, lazima iwe imegongwa kwenye chuma na isomeke, stika ya karatasi haitoshi. Angalia viungo vya plastiki, kwenye feki kingo zake zina makali na zinakwaruza. Na bei, mashine ya kazi mpya kwa bei ya pikipiki chakavu haipo. Nunua kwa wakala anayekupa risiti yenye namba ya mashine na garantii ya maandishi.

Kama unanunua mtumba usiwashe kwanza. Toa plagi, fungua ekzosi, skrubu chache tu, alafu mulika kwa tochi ndani ya tundu uione pistoni. Inatakiwa iwe laini, na mistari ya mashine ya kiwandani uione. Ukiona mikwaruzo ya wima kama imepigwa na msasa, mwambie mwenye mali akushushie bei ya silinda na pistoni nzima au uondoke. Na kuna siri hapa, mikwaruzo ikiwa upande wa ekzosi mara nyingi ni joto, yaani oili ilikuwa ndogo au kabureta ilikuwa inabania mafuta, ikiwa upande wa kabureta ni uchafu umepita kwenye filta. Kwa hiyo pistoni inakusimulia mwenye nayo alikuwa anaitunzaje. Ukimaliza rudisha plagi na ekzosi, ninginiza mashine kwa mkono wa kamba ya kuwashia huku imezimwa, ikishuka taratibu kwa kusita sita kompresheni ipo, ikianguka moja kwa moja ringi zimekwisha. Kama ina kile kitufe cha kupunguza presha usikibonyeze wakati wa kupima.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha

- Helmeti yenye wavu wa uso na vizuia kelele, suruali ya kazi ya chenso, buti ngumu, glovu. Suruali ina nyuzi ndani zinazojivuta na kujamisha cheni ikigusa mguu. Watu wanaona ni gharama, ila mguu ni gharama zaidi.
- Oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) nzuri ya mashine zinazopozwa kwa hewa, na chupa yenye vipimo vya mililita.
- Oili ya cheni.
- Tupa ya duara ya saizi ya cheni yako, tupa bapa, na kipimo cha kina (cha kupimia kile kinundu cha mbele ya jino la cheni).
- Spana yake ya plagi, brashi, plagi ya akiba, filta ya mafuta ya akiba, cheni mbili. Ukiwa na cheni moja utailazimisha ikate ikiwa butu, hilo halina mjadala.
- Karatasi. Kabla hujagusa mti pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya wilaya uulize utaratibu wa kibali cha kuvuna na kusafirisha, na habari ya mashine yenyewe. Mbao zikikamatwa njiani chenso nayo inaweza isirudi.

Hatua kwa hatua

1. Changanya mafuta kwa kipimo. Injini hii haina oili chini kama ya gari, oili pekee inayopata ni ile uliyoichanganya kwenye petroli. STIHL wanasema 50 kwa 1 ukitumia oili yao, na 25 kwa 1 ukitumia oili nyingine ya 2T. Husqvarna wanasema 50 kwa 1 kwa oili yao, nyingine 33 kwa 1. Kwa lita 5 za petroli hiyo ni mililita 100 (50 kwa 1), 150 (33 kwa 1) au 200 (25 kwa 1). Sio "kifuniko kimoja", sio "mpaka ibadilike rangi". Weka petroli kidogo kwenye galoni, mimina oili yote, tikisa, jazia petroli iliyobaki, tikisa tena. Na kila unapojaza tenki tikisa galoni kwanza.

Oili ya gari usiweke. Oili ya boti usiweke pia, ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji. Petroli ya chupa za barabarani iache, ikiwa na mafuta ya taa ndani pistoni ndio inalipa. Changanya ya kutumia ndani ya siku 30, iliyolala zaidi ya hapo isiingie kwenye chenso.

2. Jaza oili ya cheni kila unapojaza petroli. Kila mara, zote mbili. Tenki zimepangwa petroli iishe kabla ya oili, kwa hiyo ukimaliza tenki la petroli ukakuta oili iko vilevile ujue haitoki, simama hapo. Kuhusu oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari, najua wengi wanaitumia na wataniambia mbona yangu inakata. Inakata, lakini ina vumbi la chuma linalokula pampu na ba, na inakurukia ngozini siku nzima, oili ile inahusishwa na kansa ya ngozi. Kama ya cheni imekosekana kabisa weka oili mpya ya injini, safi.

3. Kaza cheni ikiwa ya baridi. Legeza nati za kifuniko, inua ncha ya ba juu, kaza skrubu mpaka cheni iguse ba kwa chini, alafu ukiwa bado umeinua ncha funga nati. Kipimo ni kwamba uivute kwa mkono wenye glovu izunguke bila kukwama, na isining'inie. Cheni mpya inarefuka, iangalie mara kwa mara siku ya kwanza. Ukiikaza ikiwa ya moto, jioni ilegeze kabla hujaiweka, maana ikipoa inafupika na kubana shafti.

4. Washa chini, sio hewani. Weka mashine kwenye ardhi iliyo wazi, breki ya cheni mbele, mguu wa kulia kwenye mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto umeshika mshikio wa juu. Vuta choki, vuta kamba mpaka usikie imekohoa mara moja, hapo hapo rudisha choki nusu, vuta tena itawaka. Wanaoanza wanaendelea kuvuta na choki baada ya ile kohoa, ndio hapo inajaa mafuta. Ule mtindo wa kuning'iniza mashine mkono mmoja na kuvuta kamba mwingine uache, hata kama umemuona mzee wa miaka 20 kazini anaufanya. Na usiwashie pale ulipojazia mafuta, sogea mita 3 hivi.

5. Jaribu breki na oili kila asubuhi. Mashine ikiwa kwenye silensa (inaunguruma bila kuvutwa resi) sukuma kinga ya mbele, ndiyo breki yenyewe, vuta resi kidogo isizidi sekunde 3, cheni isisogee hata kidogo. Ikisogea hakuna kazi leo. Alafu achia breki, elekeza ncha ya ba kwenye kisiki kikavu kwa karibu bila kugusa, vuta resi, lazima uone mstari wa oili umejichora.

6. Mashine mpya usiilize resi tupu. Tenki tatu za mwanzo kata nayo kazi ya kawaida, ila usiivutie resi ya mwisho ikiwa haijaingia kwenye mti.

7. Wakati wa kukata, robo ya juu ya ncha ya ba usiiguse na kitu. Hapo ndipo ba inarushwa kukurudia usoni, na inakuja haraka kuliko utakavyowahi kukwepa. Dole gumba la kushoto lizunguke mshikio, usilipange juu pamoja na vidole vingine. Kuangusha mti wenyewe ni somo lake, nenda ukajifunze kwa mtu anayejua, usijifunze kwa kusoma tu.

8. Noa mapema. Hii ndio hatua ninayoiomba uisome mara mbili. Angalia unachotoa, cheni kali inatoa vipande, cheni butu inatoa unga. Ukiona unga, au umeanza kukandamiza mashine iingie, simama. Anayekandamiza anachosha mgongo, anachoma klachi, anaunguza ba na injini inapata moto, vyote hivyo kwa kukwepa dakika kumi za tupa.

Saizi ya tupa: cheni ya 3/8 za STIHL ni milimita 5.2, za Oregon na Husqvarna ni 5.5. Ya .325 ni 4.8. Ya .404 ni 5.5. Bana ba kwenye vaisi au kwenye mkato uliokata juu ya kisiki, weka alama ya chaki kwenye jino la kuanzia. Tupa inaenda kutoka ndani ya jino kwenda nje, unasukuma tu, kurudi unainua. Nyuzi 30 kwa cheni ya kukata kukingama, jino lenyewe lina mstari wa kukuonyesha. Anayepasua mbao kwa urefu wa gogo ananoa nyuzi 10. Sehemu moja kati ya tano hivi ya unene wa tupa ibaki juu ya jino. Hesabu misukumo, kama jino la kwanza umelipa mitatu, yote mitatu, upande wa kushoto na wa kulia. Ukimaliza tazama kona ya jino juani. Ikimeremeta kama uzi mweupe bado butu, jino kali halirudishi mwanga.

Kile kinundu kilichosimama mbele ya jino ndicho kinachoamua jino lile kiasi gani. Kila ukinoa mara nne au tano kiangalie kwa kipimo, kwenye 3/8 kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Kikiwa juu sana cheni kali lakini haili. Sasa kuna vijana wanakipiga tupa bila kipimo ili "ikate kiume", mashine inaanza kupigapiga, inavuta vibaya na inarusha ba kirahisi. Jino likibaki milimita 4 cheni hiyo itupe.

Mti nao una tabia yake. Msindano unaweza kukata muda mrefu ukiwa safi bila mchanga. Mvule unaweza kubeba mawe ndani, mawe kweli ya chokaa yaliyojitengeneza kwenye mti, ukigonga moja cheni imekwisha hapo hapo. Gogo lililoburuzwa kwenye udongo lipige brashi kwanza pale unapokata.

9. Jioni safisha. Toa filta ya hewa, ikung'ute, ikiwa na mafuta ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa ndio irudi. Kabla hujaitoa funga choki ili uchafu usidondoke kwenye kabureta. Fungua kifuniko cha pembeni, kwangua unga uliogandamana kwenye klachi na tundu la oili. Kwangua mfereji wa ba, igeuze juu chini ili ilike sawa pande zote. Mapezi ya silinda nayo yatoe takataka, hewa isipopita injini inajipika.

10. Kila cheni mbili zikiisha badilisha sproketi (gia ndogo inayovuta cheni). Ukifunga cheni mpya kwenye sproketi iliyolika nusu milimita inaila, cheni mpya nayo inakufa mapema. Plagi iwe na gepu ya milimita 0.5. Filta ya mafuta ndani ya tenki ivute kwa waya uliopindwa, ikiwa nyeusi badilisha, usioshe.

11. Ukiiweka zaidi ya mwezi mwaga petroli, washa iungue mpaka ijizime yenyewe ili kabureta ibaki tupu, utando wake wa ndani usigande.

Makosa ya kununua cheni

Mtu anaenda dukani anasema nipe cheni ya inchi 25, anapewa, haiingii. Taja vitu vitatu: hatua ya cheni (3/8, .325 au .404), unene wa kile kimeno kinachoingia kwenye mfereji, na idadi ya vimeno. Ba ya STIHL ya inchi 25 kwa 3/8 mara nyingi ni milimita 1.6 na vimeno 84, ya inchi 20 vimeno 72. Husqvarna nyingi ni milimita 1.5. Ukiweka ya 1.5 kwenye mfereji wa 1.6 itaingia, ndio tatizo lenyewe, inacheza na kukata upande. Vipimo vimeandikwa kwenye ba karibu na mkia, futa uchafu usome.

Inasumbua? Anzia hapa

*Haiwaki kabisa.* Toa plagi. Ikiwa imelowa imejaa mafuta, zima swichi, ikaushe, choki ifunguliwe, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, uso wako mbali na tundu, rudisha uwashe bila choki. Ikiwa kavu mafuta hayafiki, angalia filta ya tenki na bomba lake kama limepasuka.

*Inawaka, ukivuta resi inazima.* Filta ya hewa kwanza, ya mafuta pili, alafu kabureta. Skrubu ya L (mafuta ya resi ndogo) na H (mafuta ya resi kubwa) ukizungusha kulia unapunguza mafuta, kushoto unaongeza. Usiguse H kwa kubahatisha, kuibania kunafanya mashine ilie vizuri na ionekane ina nguvu huku pistoni inaungua. Na hili wengi hawalijui, mashine iliyosetiwa Njombe au Mafinga, karibu mita 2,000 juu, hewa ni nyepesi na mafuta yamepunguzwa kuifuata. Ukiishusha pwani hivyo hivyo mafuta ni machache mno kwa hewa ya huko. Iseti upya kabla ya kazi.

*Silensa inapanda na kushuka yenyewe, au inabadilika ukiilaza ubavu.* Inavuta hewa mahali, mara nyingi sili za shafti au mpira wa kabureta. Peleka kwa fundi na usiendelee kukata, hewa ya ziada ni mafuta pungufu.

*Cheni inazunguka kwenye silensa.* Punguza skrubu ya LA (ya kusetia silensa). Isipokoma huenda spring ya klachi imekatika.

*Inakata ikipinda upande mmoja.* Meno ya upande mmoja ni mafupi au butu. Pima yote, yafuate lililo fupi kuliko yote. Meno yakiwa sawa na bado inapinda, simamisha ba kwenye meza iliyonyooka uone kama kuta za mfereji zimelika kutofautiana.

*Oili haifiki kwenye cheni.* Tundu la oili kwenye ba limeziba, lichokonoe kwa waya. Likiwa safi toa ba, washa, vuta resi kidogo uone kama pampu inatoa. Isipotoa safisha filta ya tenki la oili kabla hujanunua pampu.

*Ikiwa ya moto inagoma, ikipoa inawaka.* Safisha mapezi na filta, ikiendelea pima koili ikiwa bado ya moto, maana ukiipeleka kwa fundi imeshapoa itatoa moto wa plagi vizuri na atakwambia ni nzima.